Priklampsia: dawa ipi, wakati gani? Ulinganisho wa kukusaidia kuamua na daktari wako

Mjamzito akishaambiwa presha imepanda na mkojo una protini, ushauri humjia kutoka kila upande. Mmoja anamwambia ameze aspirini, mwingine kalsiamu, wa tatu anamtaka alale kitandani na aache chumvi. Daktari naye anamwandikia vidonge vya presha na kumtajia uwezekano wa kuzalishwa kabla ya siku zake. Yote hutajwa pamoja, kana kwamba ni tiba za aina moja na kazi yake ni kuchagua mojawapo tu. Ukweli ni kwamba kila kimoja kati ya hivyo kina kazi yake na wakati wake, na kinachookoa mimba ya wiki 12 hakifui dafu kwenye mimba ya wiki 34. Kwa hiyo ulinganisho huu nimeupanga kwa umri wa mimba. Utafute ulipo, kisha linganisha vile vinavyofanya kazi moja.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Priklampsia ni presha inayofika 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20 kwa mama ambaye hakuwa nayo, ikiambatana na protini kwenye mkojo au na dalili kwamba kiungo kingine kimeanza kudhurika: figo, ini, ubongo, chembe za kugandisha damu, au kondo la nyuma lenyewe. Huwapata wajawazito kati ya 2 na 8 katika kila 100. Presha ikifika 160 kwa 110 hiyo ni dharura, na mama akianza kupata degedege, tayari ni kifafa cha mimba.

Chanzo: maelezo yanayoshindana

Huenda ukajiuliza kwa nini uanze na chanzo wakati unachotaka ni tiba. Ni kwa sababu maelezo unayoyakubali ndiyo yatakayokueleza kwa nini aspirini inamsaidia mama mmoja na haimsaidii mwenzake.

Maelezo yenye nguvu zaidi yanaanzia kwenye kondo. Katika mimba inayokwenda vizuri, chembe za kondo hujichimbia kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi katika nusu ya kwanza ya mimba hadi zikaifikia mishipa midogo iliyojisokota, ile inayoleta damu ya mama. Zikiifikia, huondoa misuli ya kuta zake, na mshipa uliokuwa mwembamba hupanuka mdomo kama faneli. Tangu hapo mshipa huo haubani tena, hata mwili ukiamrisha mishipa mingine ibane. Damu huingia kwenye kondo kwa wingi na kwa upole. Kwa mama ambaye baadaye atapata priklampsia ya mapema, uchimbaji huo huishia njiani. Misuli hubaki na mdomo hubaki mwembamba, hivyo damu hufika kidogo na tena kwa mchirizo mkali unaoumiza kondo.

Kondo lililoumia hujibu kwa kumwaga protini kwenye damu ya mama. Mwaka 2003 kundi la watafiti la Ananth Karumanchi huko Boston lilionyesha kwamba mojawapo ya protini hizo, iitwayo sFlt-1, huwa nyingi kupita kiasi kwa wenye ugonjwa huu. Walipowaongezea panya wenye mimba protini hiyo, panya walipanda presha, wakatoa protini kwenye mkojo, na figo zao zikaharibika vilevile kama za mama mwenye priklampsia. Kazi ya sFlt-1 ni kunasa protini nyingine, hasa PlGF, ambazo mishipa ya mama huzihitaji ili ibaki laini na wazi. Zikinaswa, mishipa ya mwili mzima hubana na kuvuja. Hapo utaelewa kwa nini ugonjwa ulioanzia kwenye kondo humuumiza mama kichwa, ukamvimbisha uso na kumchoma chini ya mbavu za kulia, ini lilipo.

Ushahidi unaonishawishi mimi kuliko wote ni wa mimba zabibu. Katika mimba zabibu kamili hamna mtoto kabisa, kuna tishu za kondo tu zilizokua ovyo, na bado mama anaweza kupata priklampsia, hata kabla ya wiki ya 20. Mtoto si sharti. Kondo ndilo sharti.

Kundi la pili la watafiti linaelekeza kidole kwenye moyo na mishipa ya mama mwenyewe. Ugonjwa huwapata zaidi wenye presha ya kudumu, kisukari, unene uliozidi na ugonjwa wa figo. Priklampsia nyingi hutokea mwishoni mwa mimba, kwa mama ambaye mtoto wake ana uzito mzuri na kondo lake halionyeshi kasoro kubwa. Na miaka mingi baadaye, akina mama hawa hupata magonjwa ya moyo kuliko wenzao. Kwa watafiti hao, mimba ni mzigo unaofichua moyo na mishipa ambayo tangu mwanzo haikuwa na akiba.

Yako pia maelezo ya kinga ya mwili. Mimba ya kwanza ina hatari zaidi kuliko zinazofuata, na mimba iliyopatikana kwa yai la mwanamke mwingine ina hatari zaidi ya iliyotoka kwenye yai la mama mwenyewe. Mwaka 2004 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba michanganyiko fulani ya jeni za kinga za mama na jeni ambazo mtoto amezirithi kwa baba huongeza hatari, yaani chembe za kinga zinazosimamia ule uchimbaji wa mishipa hazielewani vizuri na mgeni, ndizo chembe za kondo. Kisha mwaka 2017 uchunguzi wa jeni za maelfu ya watoto ukagundua kwamba eneo linalohusika liko karibu na jeni ileile inayotengeneza sFlt-1. Jeni za mtoto, ugonjwa wa mama.

(Maelezo ya zamani kwamba damu ya mama imeingiwa na sumu yameshaachwa. Hata mnyoo ulishawahi kusingiziwa, mwaka 1983, na baadaye ikaonekana kilichoonwa kwenye darubini hakikuwa mnyoo.)

Ukiniuliza niko upande gani, nitasema tunaita kwa jina moja magonjwa mawili. Ile inayomlazimu mama kuzaa kabla ya wiki ya 34 kwa sehemu kubwa ni ya kondo lililoshindwa kujichimbia. Ile ya wiki ya 37 kwenda mbele inachanganya kondo lililozeeka au kubanwa na mwili wa mama uliofika mwisho wa uwezo wake. Matokeo ya dawa za kinga yanaelekea hukohuko.

Mimba ikiwa changa: aspirini au kalsiamu?

Aspirini ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi, ila ushahidi huo ulichukua muda kunyooka. Mwaka 1994 jaribio la CLASP liliwapa wanawake 9,364 ama miligramu 60 za aspirini ama kidonge kisicho na dawa, na tofauti ikawa ndogo kiasi kwamba wengi walikata tamaa. Mwaka 2017 jaribio la ASPRE lilibadilisha mambo matatu: lilichagua wenye hatari kubwa tu, likapandisha dozi hadi miligramu 150 kila usiku, na likaanza mapema, kati ya wiki ya 11 na ya 14, hadi wiki ya 36. Priklampsia iliyolazimu kuzaa kabla ya wiki ya 37 iliwapata wanawake 13 kati ya 798 waliomeza aspirini, dhidi ya 35 kati ya 822 ambao hawakuimeza. Hilo ni punguzo la zaidi ya nusu. Lakini kwa priklampsia inayotokea mimba ikiwa imetimia, aspirini haikuleta tofauti ya maana.

Hapo ndipo maelezo ya chanzo yanapolipa. Dawa inayoanzwa wakati kondo linachimba inazuia ugonjwa wa kondo, wala haizuii ule wa mwishoni. Ndiyo maana kuanza kumeza aspirini wiki ya 28, presha ikiwa imeshaanza kupanda, ni kuchelewa. Na walionufaika zaidi kwenye ASPRE ni waliomeza asilimia 90 au zaidi ya vidonge vyao. Kidonge cha leo ndiyo, kesho hapana, si kinga.

Kalsiamu ina mlango wake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wajawazito wa mahali ambapo chakula cha kawaida kina kalsiamu kidogo. Kwa mwenye kalsiamu ya kutosha kwenye chakula, faida haionekani: jaribio la Marekani la mwaka 1997 lenye wanawake 4,589 halikupata tofauti. Tatizo la kalsiamu daima limekuwa wingi wa vidonge, vikubwa, mara tatu kwa siku. Kwa hiyo matokeo ya mwaka 2024 kutoka India na Tanzania, yaliyohusisha wanawake 11,000 kila nchi, yana uzito. Waliopewa miligramu 500 walipata priklampsia kwa kiwango kinachokaribiana na waliopewa 1,500. Nchini India ilikuwa asilimia 3.0 kwa 3.6, Tanzania asilimia 3.0 kwa 2.7. Kuhusu kuzaa njiti, upande wa Tanzania haukuthibitisha kwamba dozi ndogo inatosha sawasawa na kubwa. Kwa maoni yangu, dozi ndogo inayomezwa kila siku ni bora kuliko kubwa inayoachwa baada ya wiki mbili. Kumbuka pia kwamba kalsiamu na vidonge vya kuongeza damu visimezwe kwa pamoja. Viachanishe kwa saa kadhaa, maana kimoja huzuia kingine kisifyonzwe.

Basi uchague kipi? Kama umewahi kupata priklampsia, au una presha ya kudumu, kisukari, ugonjwa wa figo, lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe) au mimba ya mapacha, zungumza na kliniki kuhusu aspirini kabla ya wiki ya 16. Mambo madogo kama mimba ya kwanza, umri mkubwa, unene, au mama au dada aliyewahi kuugua, yakikutana mawili au zaidi, nayo yanatosha kuianzisha. Mwenye vidonda vya tumbo, mzio wa aspirini au tatizo la kutokwa damu aseme mapema. Kalsiamu haishindani na aspirini. Ukila chakula chenye kalsiamu haba, unaweza kuzimeza zote mbili.

Ambacho nisingekitumia ni vitamini C na E kwa dozi kubwa. Jaribio la Uingereza la mwaka 2006 lenye wanawake zaidi ya 2,400 halikuona kinga yoyote, na watoto wenye uzito mdogo walikuwa wengi zaidi upande wa vitamini. Kulala kitandani mchana kutwa na kuacha chumvi navyo havizuii ugonjwa huu, na Shirika la Afya Duniani halivipendekezi kwa kazi hiyo.

Presha imeshapanda: nifedipini, labetaloli au methildopa

Dawa za presha hulinda ubongo wa mama dhidi ya kiharusi, na hiyo ni kazi kubwa. Ila hazigusi kondo. Mama aliyeshuka kutoka 165 hadi 140 hajapona. Ugonjwa unaendelea chini kwa chini na vipimo vyake lazima viendelee. Hili ndilo kosa la kufikiri ninalolihofia kuliko yote, familia kumrudisha mgonjwa nyumbani kwa sababu namba zimependeza.

Zote tatu zinaruhusiwa katika mimba. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika Nagpur, India, kwa wanawake 894 wenye presha kali, wote wakipewa dawa za kumeza. Presha ilidhibitiwa ndani ya saa sita bila madhara kwa asilimia 84 ya waliopewa nifedipini, 77 ya waliopewa labetaloli na 76 ya waliopewa methildopa. Kwa hiyo kama ni haraka, nifedipini inatangulia, lakini hata ile ya mwisho si ya kudharau mahali ambapo ndiyo pekee iliyopo.

Kwa matumizi ya kila siku, madhara ndiyo yanayoamua. Labetaloli si ya mwenye pumu. Methildopa husababisha usingizi na unyonge wa moyo, na baada ya kujifungua hubadilishwa ndani ya siku mbili hivi ili isimsukume mama kwenye sonona. Nifedipini huleta kichwa kuuma na uso kuwaka joto, na hapo kuna mtego: kichwa kinachouma ni dalili ya priklampsia pia. Maumivu ya dawa huanza muda mfupi baada ya kumeza, kisha hupungua. Yanayozidi, yasiyosikia paracetamoli, au yanayokuja na ukungu machoni, hayo ni ya hospitali usiku huohuo. Nifedipini humezwa, haiwekwi chini ya ulimi, kwa sababu presha inaweza kuporomoka ghafla na mtoto akakosa damu.

Enalaprili, losartani na jamaa zake hazina nafasi kabisa wakati wa mimba, maana huharibu figo za mtoto. Kama ulikuwa unazitumia kabla ya kushika mimba, mwone daktari akubadilishie bila kusubiri siku ya kliniki.

Zamani iliogopwa kwamba kuishusha presha sana kutamnyima mtoto chakula. Jaribio la CHIPS la mwaka 2015 lilionyesha kwamba kulenga namba ya chini iwe 85 badala ya 100 hakukumdhuru mtoto, na wanawake waliopanda hadi presha kali walipungua kutoka asilimia 40 hivi hadi 28. Kuacha presha ya 150 kwa 98 ikae hivyohivyo kwa ajili ya mtoto ni ushauri uliopitwa na wakati.

Kuzuia degedege: hapa hakuna mashindano

Magnesiamu salfeti imeshinda. Mwaka 1995 jaribio la wanawake 1,687 waliokwisha kupata kifafa cha mimba liliipambanisha na diazepamu na fenitoini: degedege la kujirudia lilipungua kwa asilimia 52 kuliko diazepamu na asilimia 67 kuliko fenitoini. Mwaka 2002 jaribio la Magpie, lenye wanawake 10,141 kutoka nchi 33, likaonyesha kwamba ikitolewa kabla degedege halijaanza, hatari hupungua kwa asilimia 58. Dawa ni rahisi na ya zamani. Kuichagua diazepamu wakati magnesiamu ipo kabatini hakuna utetezi.

Kilichobaki kulinganisha ni namna ya kuitoa. Njia ya kwanza huanza na gramu 4 kwenye mshipa taratibu na gramu 10 kwenye misuli, yaani 5 kila tako, halafu gramu 5 kila baada ya saa nne kwa kupokezana matako. Ya pili huanza na gramu 4 kwenye mshipa, kisha gramu 1 kila saa kwa dripu, hadi saa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho. Sindano za matako zinauma sana na zinaweza kutunga jipu, lakini hazihitaji mashine wala mtu wa kuhesabu matone usiku kucha, na mgonjwa anaweza kusafirishwa nazo. Dripu haiumi, ila ikienda kasi bila mtu kuona inaweza kuua. Kwenye zahanati yenye muuguzi mmoja ningechagua misuli. Kwenye wodi yenye pampu na macho ya kutosha, mshipa.

Kwa njia yoyote, kabla ya kila dozi muuguzi hufanya mambo matatu, na ndugu aliyeketi kando ana haki ya kuyatazamia. Anagonga goti kwa nyundo ndogo aone kama mguu unaruka. Anahesabu pumzi kwa dakika nzima, zisiwe chini ya 16. Anatazama mfuko wa mkojo, uwe umekusanya walau mililita 100 katika saa nne zilizopita, kwa sababu dawa hutoka kwa figo tu. Mguu usiporuka, dozi inasubiri. Pumzi zikipungua mno, kiuasumu ni kalsiamu glukoneti gramu 1 kwenye mshipa, na inafaa iwe mezani kabla sindano ya kwanza haijachomwa. Joto la mwili mzima ambalo mama huhisi dawa ikiingia halina hatari, lakini aambiwe mapema asishtuke.

Kusubiri au kuzalisha?

Huu ndio uamuzi mgumu, na ndio wenye uzito kuliko yote yaliyotangulia. Hakuna dawa inayomaliza priklampsia. Kinachoumaliza ugonjwa ni kondo kutoka. Mama ananufaika kila siku kondo linapotoka mapema. Mtoto, hadi umri fulani wa mimba, ananufaika kila siku anapobaki ndani. Masilahi ya wawili walio mwili mmoja yanavutana.

Baada ya wiki ya 37 hakuna mvutano tena. Jaribio la Uholanzi la mwaka 2009, lenye wanawake 756 wa kuanzia wiki ya 36, lilionyesha kwamba walioanzishiwa uchungu walipata madhara kwa asilimia 31, na waliosubiri kwa asilimia 44. Upasuaji nao haukuongezeka upande wa kuanzishiwa, kinyume na wengi wanavyohofia. Ukiambiwa wiki ya 38 kwamba uanzishiwe uchungu, mimi ningekubali siku hiyohiyo.

Kati ya wiki ya 34 na 37 mizani inakaribiana. Jaribio la PHOENIX la Uingereza na Wales la mwaka 2019 lilihusisha wanawake 901. Waliozalishwa kwa mpango walipata madhara kwa asilimia 65, waliosubiri kwa asilimia 75, lakini watoto waliolazwa wodi ya wachanga walikuwa asilimia 42 dhidi ya 34. Wengi walilazwa kwa sababu tu ni njiti. Matatizo ya kupumua hayakuzidi. Swali likawa: je, mahali ambapo wodi ya njiti ni dhaifu, mtoto hatalipa gharama hiyo? Jaribio la CRADLE-4 lililofanyika India na Zambia kwa wanawake 565, matokeo yakatoka mwaka 2023, lilijibu kwa namna ambayo sikuitarajia. Madhara ya mama kwa ujumla hayakupungua kwa kiwango cha kuthibitika, ila presha kali ilipungua, na watoto waliofia tumboni walikuwa wachache zaidi upande wa kuzalishwa mapema, bila ongezeko la madhara kwa waliozaliwa hai. Yaani pale ambapo hakuna wa kumchunguza mtoto mara kwa mara, kubaki tumboni si usalama. Natoa uzito mkubwa kwa matokeo haya. Mwenye priklampsia ya wiki 35 asiyeweza kupimwa mara kwa mara, kwangu mimi kusubiri si chaguo la upole.

Kabla ya wiki ya 34 mambo hugeuka. Jaribio dogo la Memphis la mwaka 1994, la wanawake 95 wenye priklampsia kali, lilionyesha kwamba waliosubiri chini ya uangalizi waliongeza wastani wa siku 15 hivi, na watoto wao wakawa na matatizo machache. Lakini jaribio la Amerika ya Kusini na Kati la mwaka 2013, lenye wanawake 267 wa wiki 28 hadi 33, halikuona nafuu kwa watoto, na kondo kuachia kabla ya wakati kulikuwa kwingi zaidi kwa waliosubiri. Tofauti hii haiondoi faida ya kusubiri. Inaonyesha kwamba kusubiri ni tiba yenyewe, na ina mahitaji yake: kitanda hospitalini, presha kupimwa mara nyingi kwa siku, damu kuangaliwa kila baada ya siku chache, chumba cha upasuaji kilicho tayari. Ukikosa hivyo, unachokifanya ni kungoja tu.

Hata pale uamuzi ni kuzalisha mapema, saa chache zinaweza kumsaidia mtoto. Sindano za kukomaza mapafu hutolewa kabla ya wiki ya 34, na magnesiamu ikitolewa kabla ya wiki ya 32 hulinda pia ubongo wake. Zipo hali ambazo hazisubiri hata hivyo: degedege, presha isiyoshuka kwa dawa, maji kujaa mapafuni, chembe za kugandisha damu kuporomoka, kondo kuachia, au mtoto kudhoofika. Mama hutulizwa kwanza, kisha anazalishwa, wiki yoyote ile.

Je, kipimo kipya cha damu kinasaidia kuamua? Kwa sehemu. Uwiano wa sFlt-1 na PlGF ukiwa 38 au chini, uwezekano wa kupata priklampsia katika wiki moja ijayo ni mdogo sana. Kwenye uchunguzi wa mwaka 2016 jibu hilo lilikuwa sahihi kwa asilimia 99.3. Ubora wake uko kwenye kuwaruhusu wasio nayo waende nyumbani. Uwiano mkubwa unaongeza wasiwasi lakini hausemi siku ya kuzaa. Mashine nzuri ya presha na kijiti cha mkojo bado ndivyo vitakavyowagundua wengi, mradi vitumike kila hudhurio.

Dawa ya kuutibu ugonjwa wenyewe ingali maabara. Kuchuja sFlt-1 kutoka kwenye damu kulijaribiwa kwa wanawake wachache mwaka 2011 na presha na protini vikatulia kwa muda. Esomeprazoli ilijaribiwa Afrika Kusini kwa wanawake 120, na mwaka 2018 ikaonekana hairefushi mimba. Ukiambiwa leo kuna dawa inayoponya priklampsia ukiwa bado mjamzito, usinunue.

Baada ya kujifungua

Presha mara nyingi hupanda tena siku ya tatu hadi ya sita, mama akiwa ameshatoka wodini, na degedege linaweza kutokea hata baada ya kuzaa. Hapa orodha ya dawa hufunguka: enalaprili iliyokatazwa wakati wa mimba sasa inaruhusiwa kwa anayenyonyesha, ingawa kwa wanawake wenye asili ya Afrika mwongozo wa Uingereza unaitanguliza nifedipini au amlodipini. Omba upimwe presha ndani ya wiki hiyo ya kwanza, usingoje wiki ya sita.

Kwa mimba ijayo, uwezekano wa ugonjwa kurudi ni takriban mmoja kati ya sita, na hufika mmoja kati ya watatu kwa aliyelazimika kuzaa kati ya wiki ya 28 na 34. Hatari ya kiharusi na ugonjwa wa mishipa ya moyo huongezeka takriban maradufu kwa miaka inayofuata, na ya moyo kushindwa kufanya kazi takriban mara nne. Kwa hiyo presha, sukari na uzito vipimwe kila mwaka, na ukishika mimba tena uende kliniki mapema, ukiwa na kadi yako ya zamani mkononi, ili aspirini ianze ikifika wiki ya 12.